Joto la Kilomita 30 Angani Linavyogeuza Majira ya Baridi Ardhini

Kila ifikapo Januari au Februari, habari za hali ya hewa kutoka Ulaya na Marekani huja na vichwa vinavyofanana: vorteksi ya ncha imevunjika, stratosfia imepata joto ghafla, jiandaeni kwa baridi kali. Msomaji anabaki na maswali ambayo ni haki yake kuuliza. Joto hilo limetoka wapi ilhali Ncha ya Kaskazini haijaliona jua kwa miezi kadhaa? Joto linawezaje kuleta baridi? Na kama dunia inazidi kupata joto, mbona watu wanaganda?

Majibu mengi yanayozunguka mitandaoni yana kosa moja la msingi. Yanachukulia kwamba baridi inaanguka kutoka juu. Haianguki. Kinachotokea ni kwamba upepo wa juu ukivurugika, upepo wa chini nao hubadili njia, na hewa baridi ambayo tayari ilikuwa karibu na ardhi huko kaskazini husogezwa hadi mahali ambako haikuzoeleka. Ukilishika hilo, mengine yote yanakaa sawa.

Tuanze na majina. Sehemu ya chini ya angahewa, hii tunayovuta pumzi ndani yake, ndiyo troposfia. Mawingu, mvua, radi na theluji karibu vyote vimo humo. Kimo chake hakilingani kila mahali: kwenye ikweta hufika kilomita 16 hadi 18, lakini kwenye ncha za dunia ni kama nusu ya hapo. Juu yake ndiko iliko stratosfia, inayoendelea hadi karibu kilomita 50. Humo limo tabaka la ozoni, na kwa kuwa ozoni hunyonya mionzi ya jua, hewa ya stratosfia huzidi kuwa na joto kadiri unavyopanda. Katika troposfia ni kinyume: ukipanda, baridi inaongezeka.

Majira ya baridi yanapoingia nusu ya kaskazini ya dunia, eneo la nchani linabaki gizani. Ozoni haina jua la kunyonya, na hewa ya juu inaendelea kupoteza joto bila kulipwa. Baridi huko inaweza kufikia nyuzi 80 chini ya sifuri. Kusini zaidi, ambako jua bado linawaka, hewa haijapoa kiasi hicho. Tofauti hiyo ya joto, pamoja na mzunguko wa dunia, huzaa upepo mkali unaotoka magharibi kwenda mashariki na kuizunguka ncha pande zote. Upepo huo, pamoja na hewa baridi uliyoizingira, ndiyo vorteksi ya ncha. Hujengeka kuanzia miezi ya vuli, hupata nguvu kamili Desemba na Januari, kisha hufifia Machi au Aprili jua linaporudi. Kilomita 30 kutoka ardhini, kasi yake katikati ya majira ya baridi mara nyingi huzidi kilomita 100 kwa saa, na siku za nguvu hupita 200.

Kwa hiyo vorteksi si dhoruba. Si wimbi la baridi linalokuja na kuondoka. Ipo kila mwaka, na ilikuwepo muda mrefu kabla ya Januari 2014, mwezi ambao baridi kali iliipiga Marekani na vyombo vya habari vikaanza kuiita baridi yenyewe kwa jina hilo. Mazoea hayo yamesababisha mkanganyiko mkubwa, kwa sababu yanaficha ukweli kwamba kuna mikondo miwili tofauti. Wa kwanza ni vorteksi, huko juu stratosfia. Wa pili ni mkondo wa jeti, ulio chini zaidi, kama kilomita 10 kutoka ardhini, ambao ndio unaoongoza dhoruba na kutenganisha hewa baridi ya kaskazini na hewa ya joto ya kusini. Tunachokisikia kwenye ngozi kinategemea mkondo wa jeti. Vorteksi hutufikia pale tu inapouathiri mkondo huo.

Siku chache, nyuzi nyingi

Mwanzoni mwa 1952, mtaalamu wa hali ya hewa Richard Scherhag alikuwa Berlin akifuatilia vipimo vya maputo yaliyorushwa na kupanda hadi karibu kilomita 30. Vipimo vikaonyesha jambo ambalo halikuwa limeandikwa popote: ndani ya siku chache, katikati ya majira ya baridi, hewa ya juu iliongezeka joto kwa makumi ya nyuzi. Leo tunajua kwamba matukio hayo yanaweza kupandisha joto kwa karibu nyuzi 50 katika muda mfupi namna hiyo. Yanaitwa kupata joto kwa ghafla kwa stratosfia, na ndiyo chanzo cha vichwa vya habari tunavyovisoma.

Maelezo ya uhakika yalikuja baadaye. Mwaka 1971 mwanasayansi wa Japani, Taroh Matsuno, alionyesha kwamba chanzo hakiko juu bali kiko chini, kwenye troposfia yetu wenyewe. Upepo unapopita juu ya milima mikubwa kama Himalaya na Rocky, au unapotoka bara lenye baridi na kuingia juu ya bahari yenye joto, hulazimika kupinda kaskazini na kusini. Mipindo hiyo ni mawimbi makubwa mno, yenye urefu wa maelfu ya kilomita, na yanajulikana kama mawimbi ya Rossby, kwa jina la Carl-Gustaf Rossby aliyeyachunguza. Yale makubwa kabisa hupanda hadi stratosfia. Kadiri yanavyopanda ndivyo hewa inavyozidi kuwa nyepesi, na ndivyo yanavyozidi kukua, mpaka yanavunjika.

Hapo ndipo kazi inapofanyika. Mawimbi haya hubeba msukumo ulio kinyume na upepo wa magharibi. Yakivunjika, msukumo huo unabaki palepale na kuupiga breki upepo unaoizunguka ncha. Kasi ya upepo huo ndiyo iliyokuwa ikiizuia hewa ya pembeni isiingie katikati, kwenye mgandamizo mdogo wa nchani. Kasi ikipungua, hewa huanza kusogea kuelekea nchani, na ikifika huko haina pa kwenda ila kushuka. Inaposhuka inaingia kwenye mgandamizo mkubwa zaidi, nayo inabanwa. Aliyewahi kujaza upepo tairi la baiskeli kwa pampu ya mkono anajua matokeo ya kubanwa huko: baada ya mipigo kadhaa, sehemu ya chini ya pampu inachoma vidole. Hakuna moto uliowashwa. Hewa imebanwa tu, basi.

Hivyo swali la joto bila jua linajibika. Joto hilo halikutoka kwenye jua, wala kwenye moshi wa viwanda, wala halikuvuja kutoka kokote. Ni hewa iliyoshuka kilomita kadhaa na kubanwa. Na neno joto lenyewe lisitudanganye: hewa iliyotoka nyuzi 75 chini ya sifuri ikafika 25 chini ya sifuri imepanda nyuzi 50, lakini hakuna anayeweza kuiita ya moto.

Wataalamu wamekubaliana juu ya kipimo cha kutambua tukio kubwa. Wanaangalia upepo wa latitudo ya nyuzi 60 kaskazini, kimo cha kilomita 30 hivi. Wastani wake ukigeuka katikati ya majira ya baridi, ukaacha kutoka magharibi ukaanza kutoka mashariki, tukio hilo huhesabiwa kuwa kubwa. Hutokea kama mara sita katika kila miaka kumi, lakini si kwa mpangilio. Kuna majira ya baridi yaliyopata matukio mawili, na miaka ya 1990 karibu yote ilipita bila hata moja. Wakati mwingine vorteksi husukumwa pembeni ikaiacha ncha. Wakati mwingine hupasuka vipande viwili, kimoja kikaelea upande wa Amerika Kaskazini na kingine upande wa Ulaya na Asia.

Inashukaje hadi kwetu?

Hili ndilo fumbo lenyewe, na ndipo maelezo mengi yanaporuka hatua. Kimo cha kilomita 30, mgandamizo wa hewa ni kama asilimia moja tu ya ule wa usawa wa bahari. Maana yake, asilimia 99 ya hewa yote ya dunia iko chini ya hapo. Kitu chepesi kiasi hicho kinawezaje kuamua iwapo reli za nchi nzima zitafunikwa na theluji?

Jibu ni kwamba hakifanyi hivyo moja kwa moja, bali hatua kwa hatua. Mawimbi ya Rossby yana sharti moja: ili yapande yanahitaji upepo wa magharibi usio mkali kupita kiasi. Ndiyo sababu matukio haya hayatokei kiangazi, kwani wakati huo upepo wa stratosfia hutoka mashariki na mawimbi yanazuiwa mapema. Sasa upepo ukishageuka kule kilomita 30, mawimbi yanayofuata yanakuta njia imefungwa. Yanavunjika chini kidogo ya hapo. Yakivunjika hapo, nako upepo unadhoofika, na yale yanayofuata yanavunjika chini zaidi. Mvurugiko unashuka namna hiyo kwa siku na majuma hadi kwenye stratosfia ya chini, kilomita 12 au 15 kutoka ardhini, ambako unakutana na kilele cha mkondo wa jeti.

Huko chini hewa ya stratosfia hupoa polepole mno, hivyo hali ile haiondoki haraka. Inaweza kudumu majuma mengi, ikiukalia mkondo wa jeti muda wote huo. Mgandamizo wa hewa juu ya Aktiki, yaani eneo la Ncha ya Kaskazini, huongezeka, na mkondo wa jeti, hasa upande wa Atlantiki, husogea kusini kuliko kawaida yake. Mwaka 2001 watafiti Mark Baldwin na Timothy Dunkerton walichapisha kazi iliyobadilisha mtazamo wa fani hii: walionyesha kwamba baada ya vorteksi kudhoofika sana, hali ya hewa ya ardhini huelemea upande mmoja kwa muda wa hadi siku 60. Kabla ya hapo wengi waliichukulia stratosfia kuwa abiria tu, isiyo na la kuamua huku chini.

Mkondo wa jeti ukishuka kusini, sura ya baridi inabadilika kwa namna inayojulikana. Ulaya Kaskazini na sehemu kubwa ya Siberia hupata uwezekano mkubwa wa baridi. Mashariki mwa Marekani nako huelekea huko. Ulaya Kusini hupokea dhoruba ambazo kwa kawaida zingepita Uingereza na Norwe. Greenland na mashariki mwa Kanada, kinyume chake, hupata joto lisilo la kawaida. Hewa imepangwa upya, lakini jumla ya baridi haijaongezeka.

Hakuna mfano unaoonyesha hilo vizuri kuliko Februari 2018. Upepo wa kilomita 30 uligeuka tarehe 12 mwezi huo, na vorteksi ikapasuka vipande viwili. Kwa majuma karibu mawili watu wa chini hawakuona ajabu kubwa. Kisha, mwishoni mwa Februari, mgandamizo mkubwa wa hewa ulijikita kaskazini mwa Ulaya na upepo ukaanza kuvuma kutoka mashariki, ukibeba hewa ya Siberia na kuivusha bara zima. Tarehe 26 Februari theluji ilianguka Roma na shule zikafungwa. Siku mbili baadaye Uingereza ilitoa tahadhari nyekundu ya theluji kwa Scotland, kiwango cha juu kabisa. Barabara kuu zilikwama magari yakiwa na watu ndani usiku kucha. Machi, mkondo wa jeti ukiwa bado kusini, Hispania na Ureno zilipata mvua nyingi kupita kawaida.

Lakini angalia kilichokuwa kikitokea siku hizohizo upande wa pili. Cape Morris Jesup ni kituo cha hali ya hewa kaskazini kabisa mwa Greenland, kama kilomita 700 kutoka Ncha ya Kaskazini. Mwishoni mwa Februari 2018, katika giza la majira ya baridi, kipimajoto chake kilipanda juu ya sifuri na kukaa huko kwa saa nyingi. Theluji Roma, nyuzi za kuyeyusha barafu Greenland, wakati mmoja. Mtu aliyeshikilia kwamba baridi ya Ulaya ilithibitisha kuwa dunia haipati joto alikuwa anaangalia nusu ya ramani.

Si kila mara, na si kila baridi

Kuna jambo ambalo vichwa vya habari hulitupa kwanza, nalo kwangu ndilo muhimu zaidi: stratosfia haitoi amri, inabadilisha uwezekano. Si kila tukio linafika chini. Baadhi hubaki juu na kumalizika bila kuugusa mkondo wa jeti ipasavyo. Mwanzoni mwa Januari 2019 lilitokea tukio kubwa, vorteksi ikavurugika vibaya, na bado athari yake kwa Ulaya ilikuwa hafifu ukilinganisha na mwaka uliotangulia. Wataalamu huangalia kama mvurugiko umefika stratosfia ya chini. Usipofika huko, hakuna sababu ya kutarajia mengi ardhini. Na hata ukifika, haumwambii mtu wa mji fulani kwamba Jumanne ijayo kutakuwa na theluji. Ndani ya majuma yale ya hatari kunaweza kuwa na siku za joto kabisa.

Vilevile, baridi nyingi kali hazihitaji vorteksi kuvunjika. Mkondo wa jeti unaweza kupinda wenyewe kwa sababu zilizo huku chini. Februari 2021 baridi kali iliishukia Texas. Mitambo ya umeme ikashindwa, mamilioni ya watu wakakosa umeme kwa siku kadhaa, na zaidi ya watu 200 wakafariki. Tukio kubwa la stratosfia lilikuwa limetokea mwanzoni mwa Januari, na haraka watu wakaunganisha mambo mawili. Wanasayansi hawakukubaliana. Wapo wanaosema kilichochangia si kuvunjika kwa vorteksi bali kurefuka kwake, ikavutwa kusini juu ya Amerika Kaskazini bila kupasuka. Wengine wanaona kwamba mchango wa stratosfia katika baridi ile ulikuwa mdogo. Mjadala huo ungali wazi, na anayesema umefungwa anawahi.

Upande wa pili wa jambo hili husahaulika. Vorteksi yenye nguvu nayo ina athari zake. Majira ya baridi ya 2019 hadi 2020 yalikuwa na vorteksi imara kwa kiwango cha nadra. Mkondo wa jeti ulibaki kaskazini, ukiwa umenyooka na wenye kasi. Ulaya ikapata majira ya baridi yenye joto kuliko yote yaliyokuwa yamepimwa hadi wakati huo, na Uingereza ikapata Februari yenye mvua nyingi kupita zote katika kumbukumbu zake, dhoruba Ciara na Dennis zikifuatana. Huko juu, baridi iliyodumu ndani ya vorteksi iliwezesha ozoni ya Aktiki kupungua sana kufikia Machi 2020. Waliokaa bila kuona theluji mwaka ule waliathiriwa na stratosfia sawasawa na waliozikwa na theluji 2018.

Nusu ya kusini ya dunia ni tulivu zaidi, na sababu yake inathibitisha maelezo ya mawimbi. Antaktiki imezungukwa na bahari. Huko kusini hakuna mlolongo wa mabara na milima wa kuzaa mawimbi makubwa kama ya kaskazini. Katika rekodi zote, tukio kubwa lililotimiza kipimo ni moja tu, la Septemba 2002, lililopasua tundu la ozoni vipande viwili. Septemba 2019 vorteksi ya kusini ilidhoofika sana bila kugeuka kabisa. Tundu la ozoni la mwaka ule likawa dogo kuliko miaka mingi iliyotangulia, na upepo wa joto na ukavu vikaongezeka mashariki mwa Australia, ambako moto wa nyika ulikuwa tayari unatisha. Kwa hiyo kuvurugika kwa vorteksi si lazima kuishie kwenye baridi. Kunategemea mkondo unasogezwa kwenda wapi, na nani yuko chini yake.

Hata ikweta ina sehemu yake. Mwaka 1908 Mjerumani Arthur Berson alirusha maputo Afrika Mashariki, eneo la Ziwa Victoria, akakuta upepo wa magharibi katika stratosfia, ilhali majivu ya mlipuko wa volkano ya Krakatoa wa 1883 yalikuwa yameonyesha upepo wa mashariki. Ilichukua zaidi ya nusu karne kuelewa kwamba wote walikuwa sahihi: upepo wa stratosfia juu ya ikweta hugeuka, mashariki kisha magharibi, na mzunguko mzima huchukua wastani wa miezi 28. Zamu ya mashariki ikiwa juu, mawimbi hubanwa zaidi kuelekea nchani, na vorteksi huwa rahisi kuvurugika. El Nino nayo huelekea kuidhoofisha. Hakuna hata kimoja kati ya vitu hivi kinachoamua peke yake.

Je, mabadiliko ya tabianchi yanaidhoofisha vorteksi? Aktiki inapata joto kwa kasi kubwa kuliko wastani wa dunia, na wapo watafiti wanaoamini kwamba kupungua kwa barafu ya bahari kunaongeza mawimbi yanayopanda. Mifano ya kompyuta haijakubaliana. Mingine inaonyesha vorteksi ikidhoofika, mingine ikiimarika. Lililo wazi ni kwamba mawimbi ya baridi bado yatakuwepo katika dunia yenye joto zaidi, huku wastani wake ukipanda.

Faida ya kuyajua haya iko kwenye utabiri. Utabiri wa kawaida wa siku kwa siku hupoteza nguvu baada ya juma moja au mawili. Mvurugiko wa stratosfia huweza kuonekana ukija siku kumi hivi kabla, na ukishatokea unaacha alama ya majuma kadhaa. Ndiyo maana vituo vikubwa, kikiwemo kile cha Ulaya cha utabiri wa masafa ya kati, vimeinua mifano yao ya kompyuta hadi karibu kilomita 80 kutoka ardhini, mbali kabisa juu ya wingu lolote la mvua. Wanaopanga umeme, gesi ya kupashia nyumba joto, chumvi ya barabarani na vitanda vya hospitali hupata majuma mawili au matatu ya kujiandaa. Wanachopewa ni maneno ya uwezekano: baridi inaelekea kuzidi ya kawaida katika eneo fulani, kuanzia juma fulani. Taarifa inayotaja mji na tarehe mwezi mmoja kabla, kwa sababu tu vorteksi imevunjika, imetiwa chumvi na aliyeiandika.